Nilimrudisha ng'ombe wangu nyumbani kwa wivu, sasa mume ndiye haonekani

Habari admin, na habari zenu wote mnaosoma. Naomba mnifichie jina maana huku kwetu Hanang tunajuana mpaka sauti za mbwa. Mimi ni mama wa miaka 41, nimeolewa, nina watoto wanne. Nina wivu, nakiri, na nimeuombea kanisani haujaisha.

Nina ng'ombe mmoja, Maua, nilipewa na marehemu baba nilipoolewa. Zamani alikula hapahapa nyumbani. Ukungu wa mlimani ulishuka mpaka mlangoni, nguo zilikaa siku tatu hazijakauka, lakini majani yalikuwepo mpaka Agosti. Siku hizi mvua zinachelewa na kukatika mapema, na huo ukungu unaishia juu karibu na msitu. Mwaka jana malisho yalikwisha kabisa, Maua akawa anatafuna mabua makavu huku ananiangalia.

Huko juu anakaa rafiki yangu wa tangu shule, nimwite Mama Elia, mjane. Kwetu ni kawaida kumpa mwenzako ng'ombe akutunzie. Yeye anakamua na kupata mbolea, ndama anabaki wako. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mume wangu ampeleke kwake. Jamani, mdomo huu!

Mume wangu akawa anapanda kila Jumamosi kumwona Maua. Akirudi ni sifa tu. Maua kanenepa, Mama Elia anaamka mapema, zizi la Mama Elia ni safi. Mimi nafuata maji mbali mpaka shingo inauma, halafu nasimuliwa habari za zizi. Yaani hata ukungu umemchagua yeye!

Jumamosi moja nikamfuata. Nikamkuta juu ya paa la zizi la Mama Elia anapigilia mabati, wakati mlango wa jiko langu umeng'oka tangu Pasaka. Kilichonimaliza ni Maua. Nilimwita kama ninavyomwita siku zote, hakugeuka. Mama Elia alipomwita, akamfuata. Nililia mbele yao bila aibu.

"Mwenzangu, shida nini?" Mama Elia akaniuliza.

"Nataka ng'ombe wangu. Leo hii."

Hakubisha. "Ni wako, mchukue. Ila huko chini atakula nini?" Akanifungia na mzigo wa majani niondoke nao. Wema wake ndio ulinichoma zaidi, bora angenitukana.

Tulipofika nyumbani mume wangu akanigeukia. "Mimi nilikuwa naangalia ng'ombe," akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia nini?" Sijawahi kuwakuta na jambo lolote baya, Mungu ananiona, lakini moyo haunisikilizi.

Ule mzigo ulikwisha kwa siku mbili. Sasa ni mwezi wa pili tangu nimrudishe, Maua mbavu zote ziko nje na ana mimba kubwa. Bwana mifugo kaniambia asipokula vizuri nitampoteza yeye na ndama wake. Na majani yako wapi? Kwa Mama Elia! Mume wangu aliyekuwa anapanda Jumamosi tu, sasa anapanda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na panga na kamba, kukata majani ya ng'ombe wangu, na anachobeba bado hakimtoshi. Akirudi jioni nikimwekea ugali anasema ameshiba.

Juzi Mama Elia kamtuma aniambie, "Mrudishe Maua kabla hajazaa, sina kinyongo." Nikimbakiza, atanifia hapa, na mume ataendelea kupanda mara tatu kwa wiki. Nikimrudisha, nitakuwa nimemkabidhi Mama Elia vyote viwili kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mara ya pili.

Ndugu zangu, msinicheke, nishaurini. Nimrudishe? Na kama ni kumrudisha, nani ashike kamba kumpandisha, mimi au mume wangu?