Nilivyoomba kuasili mtoto nikiwa singo, kisha mume nisiyekuwa naye akanivurugia

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu habari za masiku, vijana mambo.

Mie ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nacheka vichekesho vyenu, nanuna mkiwasema wanawake wasio na waume, kisha nafunga simu. Leo naandika mwenyewe. Majina nimebadilisha, na yale yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyaficha. Yaliyobaki ni kweli tupu, pamoja na sehemu ambazo ningependa zisiwe kweli.

Nianze na picha kidogo.

Nina miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Temeke. Nilisoma chuo kikuu hapa hapa Dar, nikapata nafasi ya kuendelea na masomo Denmark. Nikaolewa kule, nikachukua uraia wa kule, nikaachika kule. Nilirudi na masanduku mawili na paspoti ya watu.

Nikanunua nyumba ndogo Kimara, ndani ndani huko ambako lami imekata tamaa. Kazi yangu ni kuhariri ripoti za mashirika. Yaani nalipwa kusahihisha makosa ya wenzangu. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kichekesho kiko wapi.

Nilitaka mtoto.

Najua kuna mtu tayari anaandika "kwa nini usizae wako". Mkuu, pumzika. Nilijaribu kwa miaka, na madaktari wa nchi mbili. Tuendelee.

Kwa kuwa paspoti yangu ni ya nje, mbele ya sheria mie ni mgeni. Ombi langu la kuasili mtoto likaingia kwenye fungu la wageni, sawa na Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege na kofia yake ya jua. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipoiona barua ya ombi alinitazama akasema, "Mama, hicho Kiswahili chako ni cha Temeke kabisa. Huo ugeni umeutoa wapi?"

Mgeni anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Nikakaa. Huku nikikusanya makaratasi: cheti cha polisi wa huku na wa kule, vipimo vya afya, hati ya talaka iliyotafsiriwa, na kiapo mbele ya wakili kwamba sina mume na naomba peke yangu.

Hicho kiapo ndicho uzi wote huu.

Mtoto nilimkuta kwenye kituo kimoja maeneo ya Pugu. Nitamwita Shani. Alikuwa na miaka minne, aliokotwa akiwa mchanga, hana ndugu anayejulikana. Siku ya kwanza hakunisogelea. Alisimama mlangoni akauliza, "Unajua kusuka?"

Nikasema najua.

Sijui kusuka. Nilijifunza wiki hiyo hiyo, kichwani kwa binti wa jirani, na binti wa watu alivumilia mengi.

Baada ya miezi ya kwenda na kurudi Pugu, ustawi wa jamii wakaniruhusu kukaa naye nyumbani kwa muda wa majaribio, kabla Mahakama Kuu haijasikiliza ombi. Afisa anakuja siku yoyote, bila taarifa. Anaangalia mtoto amekula nini, analala wapi, anaongeaje na wewe. Ripoti yake ikiwa mbaya, mahakamani huna cha kusema.

Miezi ile nilikuwa nadeki nyumba mara mbili kwa siku kama mtu anayesubiri posa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa.

Wiki niliyohamia Kimara, jirani yangu Mama Salum, anayepika vitumbua pale kona, aliniuliza, "Na baba yuko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimeachika. Neno moja tu. Lakini niliogopa kuhurumiwa, na niliogopa wale wanaume ambao wakijua mwanamke anakaa peke yake wanaanza kupita "kusalimia". Nikasema, "Yupo safarini. Anafanya kazi melini."

Kwa nini meli? Kwa sababu yule mume wa zamani, tulipokuja Dar likizo, alitapika kwenye pantoni ya Kigamboni, safari ya dakika chache. Nilimpa kazi hiyo kumkomoa.

Basi baba wa meli akaishi. Idi ikifika nasema kasalimia. Mvua ikinyesha sana nasema namwombea huko bahari ilivyochafuka. Miaka mitatu. Mbele ya wakili niliapa sina mume, na mbele ya vitumbua nilikuwa naye.

Siku ya siku, Jumanne, nilikuwa mjini kwenye kikao na Shani yuko chekechea. Afisa, dada mmoja wa miaka thelathini na kitu nitakayemwita Stella, akaja akakuta geti limefungwa. Akafanya kazi yake. Akauliza majirani.

Mie sikujua lolote mpaka kesho yake aliponipigia.

"Shikamoo mama. Naomba ufike ofisini kesho saa mbili asubuhi, uje na mtoto."

"Marahaba. Kuna shida?"

"Uje na nguo zake pia."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni na simu mkononi. Shani alikuwa anakula ubwabwa, akaniuliza mbona nakaa chini wakati viti vipo.

Kesho yake Stella alimwacha Shani kwenye benchi la korido, akafunga mlango. Akaweka karatasi mbili mezani. Moja kiapo changu. Nyingine maelezo ya majirani.

Mama Salum: mume anaye, mtu wa meli, anakuja akipata likizo.

Mzee Awadhi mwenye duka: namfahamu vizuri, mrefu, mpole, akija ananunua maji makubwa mawili.

"Mama, kati ya hizi, ipi ya uongo?"

"Ya majirani. Huyo mtu hayupo."

"Mzee wa watu anajua mpaka maji anayokunywa."

"Hayupo, dada. Nilimtunga mimi."

Hakucheka. Akaniambia polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu: "Mwombaji ana paspoti ya nje. Ana mwanaume anayefichwa, anayetembea na meli. Anaomba mtoto asiye na ndugu wa kumuulizia. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, ungesaini?"

Nikajiona nikiwa na kalamu nyekundu mbele ya ripoti ile. Nisingesaini.

Uamuzi: Shani anarudi Pugu mpaka uchunguzi uishe. Nisipothibitisha, ombi linafutwa, na mtoto anatafutiwa familia nyingine.

Nilitoka kwenda koridoni. Shani alishajua. Sijui watoto hawa wanajuaje. Hakulia. Alikuwa amejifunga kamba za viatu mwenyewe, kitu ambacho kila asubuhi alikuwa ananililia nimfunge.

"Nitakuja kukuchukua," nikamwambia.

"Keshokutwa?"

Nikasema ndiyo.

Zilikuwa siku kumi na tisa.

Stella alinipa masharti mawili. Hati ya talaka ithibitishwe na mamlaka za Denmark, na majirani waje ofisi ya serikali ya mtaa kuhojiwa upya, mbele ya mwenyekiti. La kwanza lilikuwa barua pepe na kusubiri. La pili lilinitaka niende pale kona nikavue joho la mke wa baharia.

Nilisubiri wateja wa asubuhi waishe.

"Mama Salum, nina jambo. Mie sina mume."

Akageuza vitumbua. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba huna. Miaka mitatu kamba yako ya nguo sijaona hata bukta. Baharia gani huyo, anafuliwa na samaki?"

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ndoo.

"Sasa kwa nini ulimwambia yule afisa ninaye?"

Hapo ndipo alipokasirika. "Weee! Kaja mwanamke simjui, kashika faili, anauliza mambo yako ya ndani. Mimi niseme jirani yangu kaachika, nikuvue nguo mbele ya mgeni? Ulisema yupo, nikasema yupo."

"Na Mzee Awadhi?"

"Nilimpigia mzee simu, yule dada akiwa bado njiani kwenda dukani. Nikamwambia akikuuliza, mume yupo, wa meli. Hayo maji kaongeza mwenyewe."

Miaka mitatu mie msomi nilidhani nimewadanganya. Walikuwa wananisitiri, tena kwa zamu, na wala hawakunidai asante.

Nikamweleza Shani yuko wapi na kwa nini. Mama Salum aliepua karai. "Yaani mimi ndiyo nimemrudisha mtoto?" Nikamwambia hapana, ni mimi.

Siku ya kikao tulikuwa watu watano: Stella, mwenyekiti, Mama Salum, Mzee Awadhi katika kanzu iliyopigwa pasi, na mimi na bahasha yangu. Barua ya Denmark ilikuwa imefika. Stella akaisoma, akaiweka pembeni.

"Hii inasema waliachana. Haisemi hajapata mwingine. Nyie wawili mlinidanganya juzi. Leo mnasema mlidanganya. Nitajuaje kwamba ya leo ndiyo kweli?"

Mwenyekiti akaanza kupanga mihuri yake. Nikamfikiria Shani akiwa kwenye nyumba ya watu wengine, akiuliza kama wanajua kusuka.

Mzee Awadhi akakohoa.

"Mwanangu," alimwambia Stella, "mimi nina miaka sabini na nne. Nafungua duka hapa tangu huyu mwenyekiti ana kaptula. Msikitini nikiadhini watu wanakuja. Leo nimevaa, nimekuja kusema mbele yake kwamba nilisema uongo, tena kwa mtu wa serikali. Jioni mtaa mzima utakuwa umesikia. Uongo wa kumsitiri mtu nilishausema. Huu wa kujiaibisha mwenyewe, nausema kwa faida gani?"

Mama Salum akadakia, "Na mimi andika. Andika jina langu lote, la baba na la babu. Nilidanganya. Mtoto arudi."

Stella akaandika muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mama? Ulidanganya kwa sababu gani?"

Nilikuwa na kurasa mbili nilizochapa, zenye aya nzuri kuhusu jamii na mtazamo wake kwa mwanamke. Zilibaki kwenye bahasha.

"Aibu," nikasema.

Akaandika hilo neno. Moja tu.

Kisha akauliza, "Siku ukiumwa ukalazwa, mtoto anabaki na nani?" Kabla sijafungua mdomo Mama Salum akajibu, "Dada, hilo nalo swali? Unadhani aliyekuwa anamsuka mtoto siku zote hizi ni nani?" Kwa mara ya kwanza nikamwona Stella anatabasamu, kidogo, kisha akarudi kwenye faili.

Niliruhusiwa kwenda Pugu siku ya kumi na tisa.

Njia nzima nilijichora picha: geti linafunguka, mtoto anakimbia, namnyanyua. Nimesoma hadithi nyingi mno.

Shani hakukimbia. Alinitazama, akamgeukia mlezi wake wa kituo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nichukue nguo zote, au za kukaa kidogo?"

Mlezi akanitazama mimi. Nikasema, "Zote."

Miezi michache baadaye Jaji alisikiliza ombi chemba, faragha ofisini kwake. Wakili alinionya nijibu kwa kifupi, nikajibu kwa kifupi, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Amri ikatoka. Shani ni mwanangu kwa sheria ya nchi hii, na mgeni ni mie tu.

Nilichojifunza sitakirembesha. Nilikuwa makini na kila karatasi yenye muhuri, nikadhani maneno ya kona ya vitumbua hayahesabiki. Yalihesabika, na aliyeyalipia ni mtoto wa miaka minne. Kama unaomba kuasili ukiwa peke yako, kwanza waambie majirani zako ukweli. Wengi wameshaujua, na watakulinda hata pale ambapo hutaki kulindwa.

Siku hizi Shani yuko darasa la awali. Juzi nilimfuata shule, mwenzake akamuuliza yule ni nani. Akasema, "Ni mama ninayekaa kwake."

Sikumsahihisha.

Nakaribisha michango, na matusi ya kiasi. Ila ninaowasubiri hasa ni nyie mliolea mtoto aliyewahi kurudishwa alikotoka. Kwenu ilichukua muda gani mpaka akasema "mama" peke yake, akaishia hapo?