Mshono Usio na Fundo

Limi alikuwa na maneno makali, lakini wanawake wa kijiji chetu cha Mhunze walimvumilia kwa sababu hakuna aliyejua kuwashonea watoto kama yeye. Alichukua kaniki na uzi mweupe aliofumua kwenye mifuko ya unga, akashona kwa mkono nyota na mawimbi kwa mishono mifupi kama punje za mchele. Mafundi wa cherehani walitazama tu.

Mtindo huo ulitoka vitani. Mumewe, Maduhu, alirudi kutoka kupigana na Wajapani huko Burma, akiwa na kitambaa cha nyota alichobadilishana kwa sigara na mfungwa wa Kijapani, ambaye alimweleza kwa ishara kwamba alishonewa na mama yake. Limi hakushangazwa na zile nyota. Alikigeuza, akapapasa upande wa ndani, asikute fundo hata moja. Kila uzi ulipoishia, sindano ilirudi juu ya mshono uleule na kuuficha mwisho wake. Tangu hapo naye hakufunga fundo.

"Fundo linamkwaruza mtoto," alisema, "na mtoto mchanga hajui kushtaki."

Mama yangu alipokwenda kuchukua gauni langu, alimuuliza kama haoni vibaya kuiga kazi ya adui. Limi alikata uzi kwa meno.

"Adui yupi? Hebu lete mkono."

Akauingiza mkono wa mama ndani ya gauni, akaupitisha taratibu mpaka kwenye pindo.

"Haya, nionyeshe adui yuko wapi humo."