Pale Tulipoambiwa Tucheke

Darasa letu la kidato cha tatu, kule Itiryo, lilinuka masweta yaliyonyeshewa njiani na moshi wa kuni tuliotoka nao majumbani. Mwalimu Kasembe, aliyetufundisha Kiingereza, aliingia akiziba pua, kisha akafungua madirisha yote ili baridi itupige sisi. Alitoka mkoa wa mbali, na hakuficha kwamba kuletwa kwetu aliona ni adhabu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumjua huyu bwana. Muhula ule alitusomesha tamthilia ya kuchekesha, Kiingereza cha zamani, nakala nne darasa zima. Aliisoma kwa sauti ya matangazo ya vifo redioni. Akifika mahali fulani anasimama, anasema hapa watu hucheka, nasi tunapiga mstari kwa penseli. Eti huo ndio ucheshi!

Kuna onyesho ambalo mjane tajiri anavaa suruali ya marehemu mumewe, anakwenda kwa jirani kumposa binti. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba linachekesha kwa sababu mwanamke hawezi kuoa mwanamke. Hakuna aliyepiga mstari. Yeye alidhani Kiingereza kimetushinda, kumbe tulielewa vizuri mno. Kwetu Wakurya, mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wake akaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi yangu alimwoa mama yangu hivyo, tena bila kuazima suruali ya mtu. Nikanyoosha mkono, nikamweleza.

Alicheka mpaka akashika meza. Muhula mzima hakuwa amecheka, akacheka siku hiyo. Akanipeleka ofisi ya walimu nirudie maneno yangu, na wenzake wakacheka naye, wakiwemo Wakurya wawili waliozaliwa katika nyumba za namna ileile. Nyani haoni kundule. Kasembe nilimdharau tu, lakini wale wawili niliwachukia. Hapo ndipo Kasembe alipoamua kwamba siku ya wazazi tutaigiza onyesho lile, na mjane niwe mimi.

Siku hiyo niliogopa sana. Bibi na mama walikaa mbele, khanga mpya mabegani, na nilijua kijiji kizima kikicheka, kitakuwa kinamcheka mama yangu. Nilitoka na suruali iliyofungwa kwa kamba na masharubu ya mkaa, nikaposa. Kasembe, aliyekuwa amewapita wazee wote bila shikamoo, alisimama pembeni akitafsiri kila sentensi kwa Kiswahili na kungoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Wazee walisogeza viti mbele wasikie vizuri. Mwishowe bibi alisimama.

"Mwalimu, huyo mama anaposa vizuri," alisema. "Ila mbona hataji ng'ombe?"

Wazee wakaitikia kwamba kweli, huwezi kumchukua binti wa watu kwa maneno matupu. Kasembe akatokwa jasho, akasema huo ni utani, bibi.

"Utani wa nani?" bibi akauliza, akangoja jibu kwa adabu kabisa.

Kasembe akafunga kitabu. Onyesho lilikatizwa, tukaambiwa chakula tayari. Asiyejua maana haambiwi maana. Nilirudi nyumbani katikati ya bibi na mama, nimejaa furaha mpaka kooni.

Mwaka uliofuata, mtihani wa mwisho ulituuliza onyesho lile linachekesha kwa nini. Nilikaa na kalamu muda mrefu, maana nilitaka sana kufaulu. Kisha niliandika sentensi ya Kasembe, neno kwa neno. Nilifaulu, na bibi akachinja jogoo. Mama aliponiuliza waliuliza nini, nilimjibu ni mambo ya kawaida tu.

Leo nafundisha Kiingereza pale Nkende, tamthilia ileile. Madirisha yana vioo, na kila mwanafunzi ana nakala yake. Mwezi uliopita binti mmoja aliyetoka Nyambureti alinyoosha mkono, akasema bibi yake ameoa, sasa kichekesho kiko wapi. Sikumcheka. Kasembe alikuwa mpumbavu na hakujua alichokuwa anakitukana, mimi ninajua. Nilimwambia anasema kweli, lakini mtihani unataka jibu lililo ubaoni. Aliniangalia kidogo, akainama, akaandika.