Gari Halikai Eda

Mpaka leo, nikipita penye gereji na harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ikanipiga puani, sikumbuki magari. Namkumbuka mamangu akiwa kwenye eda. Najua ni jambo la ajabu kusema. Nyumba ikifiwa kwetu Kisauni hunuka udi na ubani na pilau ya hitima, na yetu ilinuka hivyo pia siku za mwanzo. Lakini wageni walipokunja majamvi na kwenda zao, nyumba yetu ya Utange ikaanza kunuka kutu, msasa uliolowa, mafuta machafu ya injini, na juu ya vyote hivyo, tina. Mwenye eda hagusi manukato, hilo kila mtu analijua. Tina si manukato. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akikaa kizingitini na leso puani, analalamika kutwa kwamba tunamuua, na hakuhama pale kizingitini hata siku moja kwa sababu hakutaka kupitwa na kitu.

Babangu alikuwa na pikapu. Ilikuwa ya Kifaransa, ya zamani, yenye mgongo mrefu na taa za mbele zilizokaa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Magari ya aina ile yaliwahi kujaa barabara zote za pwani, yakibeba mbuzi, magunia ya mkaa, vitanda vya maharusi na hata majeneza. Yeye alibebea nazi na mboga, kutoka soko la Kongowea hadi kwenye vibanda vya kwetu, na siku za jioni akirudi mapema alitupeleka mama na mimi kwenye uwanja mtupu nyuma ya machimbo ya mawe, akamwachia mama usukani. Mimi nilikaa katikati, magoti yangu yakigusa gia. Mama alijifunza mpaka akapata leseni. Baba hakuwaambia nduguze, maana midomo yao aliijua. Kisha akaugua, na ugonjwa ukawa mrefu. Pikapu ikasimama ukutani uani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na hewa ya chumvi ikaila sakafu hadi ukiingia unaona mchanga chini ya miguu yako. Alipofariki, gari lile nalo lilikuwa kama limeshakufa.

Siku wanaume wa ukoo walipokaa kugawana kilichobaki, mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na Bibi na mimi tuko naye. Msemaji alikuwa Ami Athmani, kaka mkubwa wa baba, mtu wa safu ya mbele msikitini na mwenye duka barabarani, ambaye akisema jambo ukoo mzima huitikia. Alisema mambo yamekwisha salama, umebaki tu ule mzoga pale uani, na ameshapata wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Akaongeza kwamba mama akitoka eda atahamia kwake pamoja nami, kipo chumba cha nyuma, na mkewe anahitaji mtu wa kumsaidia jikoni. Alilisema hilo kwa sauti ya huruma. Nilikuwa darasa la tano lakini nilielewa sawasawa, tungekwenda kuwa watumishi wa watu na tuambiwe tushukuru.

Ndipo mamangu alipozungumza kutoka nyuma ya pazia. Alisema hahami, na pikapu anaitaka yeye ihesabiwe katika haki yake, ataiendesha mwenyewe na kazi ya mumewe ataiendeleza. Jamvini wakacheka. Si wote, lakini waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja, na wengine mpaka leo nikiwaamkia shikamoo nawaamkia kwa nusu ya moyo. Ami mwenyewe hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema, "Haya. Siku utakayotoka eda, likitembea, ni lako. Lisipotembea, nakuja na kamba." Wazee waliokuwapo wakasema wao ni mashahidi. Mama akajibu kwamba amesikia.

Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Mama hakuruhusiwa kutoka nyumbani, wala kuvaa nguo ya kumeta, wala kujipaka wanja au hina. Watu walidhani amefungwa. Hawakufikiri kwamba gari nalo lilikuwa mle mle ndani ya ua, na kwamba hakuna tena mtu atakayemtuma sokoni, wala kumwita kwenye harusi, wala kumtaka akapike matangani. Bibi ndiye aliyeliona hilo kwanza, akacheka hadi akapaliwa.

Fundi alikuwa Kilonzo, mtu wa bara aliyehamia Changamwe kijana, ambaye alimtengenezea baba gari lile miaka yote. Alikuwa Mkristo, lakini adabu ya nyumba ya eda aliijua kuliko shemeji zake mama. Hakuingia uani bila kupiga hodi na kusubiri mama aingie ndani. Mama alikaa nyuma ya dirisha la jikoni, pazia limeshushwa, fundi akainama kwenye injini, nami nikasimama kati yao kama mkalimani, ingawa walikuwa wakisikiana vizuri tu. "Mama Rukia, hii mashine bado iko," fundi alisema siku ya kwanza, kichwa kimezama ndani ya boneti. Mama akaniambia nimwambie alhamdulillahi. Nikamwambia. Kabureta ilisafishwa, plagi zikabadilishwa, breki zikafufuliwa kwa vipuri vilivyotolewa kwenye magari yaliyokufa zaidi ya letu. Fundi alikuja siku za mapumziko yake tu, na mama alimpikia kila mara samaki wa kupaka, maana zaidi ya hapo hatukuwa na kitu.

Mwili wa gari tuliushughulikia wenyewe, fundi akishaondoka na lango kufungwa. Mama alijifunga leso kifuani, ile nyeusi iliyochuja, akalala chini ya pikapu kwenye mkeka wa kusalia uliochakaa. Kutu tuliikwangua kwa msasa, na msasa ulipokwisha tukaipaka ukwaju uliolowekwa mzito, tukaisugua kwa makumbi ya nazi kama masufuria yaliyoungua. Vidole vyangu vilichubuka nikawa nashindwa kushika kalamu shuleni. Mwalimu aliponiuliza nafanya nini nyumbani nikamjibu tunatengeneza gari, akadhani namfanyia mzaha. Sakafu iliyolika ilizibwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia. Tuliyakata, tukayapiga nyundo yakanyooka, fundi akaja kuyachomelea. Debe moja lilikuwa na picha ya ua la alizeti, na mama akataka lile ua litazame juu, upande wa miguu ya abiria. Alisema hapo ndipo nitakapokaa mimi.

Rangi ndiyo iliyoleta maneno. Fundi alituletea mabaki, makopo ya manjano kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa amepaka kuta za shule, na kopo dogo la nyekundu. Mama akayachanganya mwenyewe kwa kijiti, akaongeza nyekundu kidogo kidogo, mpaka ikatoka rangi ya binzari, ile inayobaki kwenye kinu. Sijui nani aliipeleka habari hiyo nje, lakini kesho yake Bi Zuhura, mke wa Ami Athmani, alifika na wenzake wawili. Walikaa, wakanywa chai yetu, wakazunguka weee, hatimaye wakafika. Watu wanasema, alisema Bi Zuhura, kwamba mjane aliye kwenye eda hajipambi, na rangi ni pambo, na rangi yenyewe ya manjano, inayopiga kelele kama ngoma. Lau ingekuwa nyeusi, au kijivu. Mama alimwacha amalize. Akamwongezea chai.

"Anayekaa eda ni mimi," akamwambia. "Gari halikai eda."

Bibi alitoka nje ya chumba, na nikamsikia anacheka barazani kama msichana. Bi Zuhura hakumaliza ile chai. Neno lile lilizunguka Utange yote kabla ya magharibi, na sokoni wakaanza kuniita mtoto wa gari halikai eda. Nilijidai nalo, wallahi.

Fundi aliazima mashine ya kupulizia rangi kutoka Changamwe, kwa siku moja tu, na siku za eda zilikuwa zinahesabika. Tuliliosha gari usiku wa kuamkia siku hiyo, likakauka, likawa laini kama ganda la yai. Na hapa lazima nimtaje Bibi. Kwa Bibi, hakuna kitu duniani kisichohitaji mafuta ya nazi. Aliyapaka nywele zetu, bawaba za milango, viatu vya shule, vitanda vya kamba, hata makucha ya paka. Alfajiri, sisi tukiwa bado tunaswali, alitoka uani na chupa yake na kitambaa, akaipaka pikapu nzima, mbele na nyuma, kwa mapenzi, ili rangi ikute mwili umepambwa. Fundi alipopuliza, rangi ikakimbia. Ilijikusanya vitone vitone, nyingine ikateremka chini kama jasho, na iliyobaki haikukauka hata jua lilipokuwa utosini. Fundi alipitisha kidole, akakinusa, akanitazama. Nikanusa nami. Bibi, kutoka kizingitini, akauliza kwa furaha kama imeshika.

Fundi alirudisha mashine jioni, maana haikuwa yake. Hakuna aliyemgombeza Bibi, lakini alipoelewa alichofanya alijifungia chumbani akakataa kula. Mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono imelegea mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona analia kwa sauti. Alilia mazishi yote aliyokuwa ameyazuia. Mimi nilisimama pale nikiwa na hasira ya kila kitu, ya nazi, ya Ami, ya babangu kwa kutuacha. Kisha mama akajifuta uso kwa pindo la leso, akafunga lango kwa komeo, akaniagiza nilete jivu la jikoni.

Tulilisugua gari upya kwa jivu na maji ya moto na sabuni ya mche, mpaka mafuta yote yakatoka, pamoja na rangi. Rangi tuliyobakiwa nayo ikawa kidogo, na mashine hakuna. Mama akachukua brashi ya kupakia ukuta. Nami nikapewa nyingine, iliyong'oka nywele, na Bibi akatolewa chumbani kwa nguvu akapewa sponji la kuogea, akakabidhiwa mlango wa nyuma wa pikapu, na mama akamnyang'anya ile chupa akaipeleka kwa jirani. Tulipaka siku nyingi, kila siku kipande, jua likitukausha nyuma. Mistari ya brashi ilibaki ikionekana. Kwenye boneti kulikuwa na mahali mafuta yaligoma kutoka, rangi ikakunjamana pale kama ngozi ya maziwa. Mama alipapitia mara moja, akapaacha. Mwisho, kwa masalio ya nyekundu, akaandika mlango wa nyuma kwa herufi kubwa zilizopinda: TUPO.

Siku ya kutoka eda mama alioga, akavaa nguo safi, akajifukiza udi. Bibi akampaka mafuta ya nazi mikononi na nyweleni, safari hii mahali pake. Ami Athmani alikuja asubuhi na lori la kukodi na vijana wa kubeba, na kamba mpya ya katani begani. Nje ya lango watu walikuwa wamejaa, maana ahadi ile ilijulikana mtaa mzima. Sisi watatu tukaingia mbele, Bibi dirishani, mimi katikati, miguu yangu juu ya lile ua la alizeti. Mama akasema bismillahi, akawasha. Gari likakohoa likanyamaza. Akawasha tena, likakohoa likanyamaza. Nikamwona Ami anaanza kuikunjua kamba. Nilimchukia wakati ule kwa moyo wangu wote, na sitajidai leo kwamba sikumchukia. Mama akangoja kidogo, kama baba alivyokuwa akingoja, akawasha tena, na injini ikanguruma, moshi mweusi ukajaa uani na kuku wakatawanyika. Kilonzo, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara, alivua kofia yake.

Tulitoka langoni polepole. Mama akasimamisha gari pembeni mwa Ami Athmani, akateremsha kioo, akamtolea salamu. Salamu haiachwi hewani, ikabidi aijibu, mbele ya watu wote. Kisha mama akanyoosha mkono dirishani.

"Hiyo kamba niachie, shemeji. Nitafungia mzigo."

Ami hakuitoa. Ni mmoja wa vijana wake aliyeichukua mikononi mwake, huku anacheka, akaitupa nyuma ya pikapu. Tukaenda Kongowea tukarudi na nazi.

Pikapu ile ndiyo iliyonisomesha, na sasa naiendesha mimi. Injini imebadilishwa, viti pia, lakini mistari ya brashi ipo na makunyanzi ya boneti yapo. Siku hizi Utange wanawake wanaendesha tuktuk na malori, hakuna anayegeuza shingo, na watoto wao hawataamini kwamba jamvi zima liliwahi kucheka. Hata hivyo majamvi bado yanakaa, na nyuma ya pazia bado wapo wajane wanaopangiwa chumba cha nyuma kwa sauti ya huruma, kwa hiyo zile herufi nyekundu huzipitia upya kila zinapofifia. Vijana wa Nyali hunisimamisha kulipiga picha gari. Wananiita mwenye bahati, wanasema magari haya sasa yanatafutwa, na kwamba wanaweza kuikwangua ile rangi mbaya wairudishie ya kiwandani. Nawaambia wajaribu kuigusa waone.

Mwaka jana mjukuu wa Ami Athmani alikuja nyumbani na ujumbe. Babu yake amezeeka, anasalimu sana, na angependa kuinunua pikapu ya marehemu ndugu yake ibaki kwenye ukoo, bei tutaje wenyewe. Kijana aliongea kwa heshima, na mama alimsikiliza kwa heshima, huku anakuna nazi. Alipomaliza, mama akapangusa mikono, akamkaribisha chakula.

"Msalimie sana babu yako," akamwambia. "Mwambie kamba yake bado ninayo."