Panga la Kuazima

Nimewahi kufungiwa kwenye kibanda cha kulindia mahindi na akina mama wauza mawese.

Wao hawakuwa na hata wembe. Mwenye panga nilikuwa mimi. Na aliyekuwa anatetemeka ni mimi huyohuyo.

Nasimulia hili kwa sababu ya wale wenzangu wa kupanda milima mnaobishana kila siku humu kwenye kundi, kwamba mtu abebe silaha ya kujilinda au asibebe. Mimi nilibeba. Sasa sikilizeni.

Naitwa Nsabimana, fundi simu hapa Kasulu mjini. Wazazi wangu walitoka Burundi zamani, sisi tumezaliwa na kukulia Makere, uraia tunao, na Kiha tunakimwaga kama kawaida.

Nina ugonjwa mmoja tu: kutembea milimani. Jumamosi washkaji wanakodolea mpira, mimi navaa raba nashika njia.

Kijijini wananiona nimerukwa na akili. "Mtu mzima anapanda mlima, hana jembe, hana kuni, hana mbuzi aliyempotea. Anatafuta nini huko?" Mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimeanza uganga.

Kipindi hicho kilima tunachokiita Mugongo, nyuma ya Makere, kilikuwa na sifa mbaya. Kulikuwa na jamaa anawavizia wanawake wanaokatisha pale kwenda sokoni. Anaziba uso, anawanyang'anya, na akina mama wawili watatu alishawajeruhi.

Shemeji yangu Marselino, dereva bodaboda, mume wa dada yangu Claudine, akanikuta nafunga kamba za raba nyumbani kwao.

"Shem, unaenda Mugongo mikono mitupu? Umechoka kuishi?"

"Nina fimbo."

"Fimbo ya kufukuzia kuku? Subiri."

Akaingia ndani, akatoka na panga. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli. Akanipa kwa mkono wa kushoto, wa kulia kautia mfukoni mwa jaketi. Kwetu huo ni utovu wa adabu, lakini shemeji ni shemeji, nikachukulia utani.

"Halafu nikwambie kitu," akasema. "Ukimwona mwanamke peke yake kule juu, usimchekee. Wale jamaa wanamtanguliza mwanamke aje kupima upepo. Ukionesha unyonge tu, umekwisha."

Nikamshukuru kutoka moyoni. Nikasema kimoyomoyo, dada yangu ameolewa na mtu anayenijali.

Basi nikapanda. Mwanzoni nilijiona komando. Nafyeka majani hata yasiyonizuia.

Nilipokaribia juu, mvua ikashuka. Udongo wetu mwekundu mnaujua ukilowa. Nikateleza, nikaporomoka na panga mkononi, na niliposimama kiganja cha kushoto kilikuwa kimepasuka kutoka mzizi wa kidole gumba mpaka karibu na kifundo.

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na chui. Nilikuwa mimi na panga langu tu.

Nikakimbilia kibanda cha mlinzi wa shamba. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa cha miti iliyokandikwa udongo, udongo wenyewe umebanduka sehemu nyingi, mlango wa mbao. Nikachana fulana, nikafunga mkono. Damu ikaendelea kupita kwenye kitambaa. Simu imelowa, haiwaki.

Nikakaa chini nimeegemea ukuta, panga nimelishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuficha ndani ya jaketi.

Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, ndoo ya mawese kichwani. Baadaye nilikuja kumjua kwa jina la Rosa. Akatua ndoo, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu, akanisalimu kwa Kiha kama mwanawe.

"Mwidiwe, mwana wanje."

Sasa, asiyejua Waha aelewe hapa. Salamu yetu ina mikono miwili. Unainama, unapiga makofi, unaitikia, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Kijana akisalimiwa na mama halafu asipige makofi, ama ametoka mbali sana, ama ana jambo baya.

Mimi maneno ya Marselino yakanijia. Mwanamke. Peke yake. Usioneshe unyonge.

"Mwidiwe," nikajibu. Mikono sikuitoa.

Mama akaacha kupiga makofi. Akaliangalia panga. Akaangalia jaketi lilivyovimba upande mmoja.

"Umetoka wapi?"

"Kasulu."

"Unafanya nini huku?"

"Natembea."

"Unatembea unaenda wapi?"

"Natembea tu, mama."

Ndugu zangu, kwenye kilima chenye mkabaji hakuna jibu la kijinga kuliko hilo. Hata mimi nililisikia linavyonuka lilipotoka mdomoni.

"Haya," akasema polepole. "Ngoja niingize na mzigo mwingine." Akatoka kinyumenyume.

Mlango ukabamizwa. Nikasikia gogo linaburuzwa, likaegemezwa. Kisha filimbi ikalia, kali, mara kadhaa. Huko chini filimbi nyingine ikaitikia. Na nyingine.

Nikachungulia kwenye ufa. Kumbe akina mama wale hawatembei hovyo. Kila mmoja anamwacha mwenzake mbele kidogo, filimbi shingoni, mmoja akipatwa na jambo wote wanajua. Wakaja mbio kwenye mvua, ndoo wamezitua njiani, khanga wamejifunga viunoni.

"Tumemnasa!" Rosa akapaza sauti. "Mwenye mbio akawaite wanaume!"

Wanaume. Nyote mnajua mwizi akikamatwa kijijini nini kinafuata. Redioni wanasema "wananchi wenye hasira kali," basi, habari inayofuata.

Nikasukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Nikausukuma tena, mkono ukanichoma mpaka nikaona nyota. Kibanda kilikuwa na giza, moshi wa zamani, na harufu ya damu yangu mwenyewe.

"Mama! Mimi siyo mwizi!"

"Mwizi gani aliwahi kusema yeye ni mwizi?"

"Nimeumia! Nahitaji hospitali!"

"Nasma naye alihitaji hospitali," mmoja akajibu. "Ulimwonea huruma?"

Rosa akasogea karibu na ufa. "Kama wewe ni mtu mwema, tupa panga nje tuongee."

Hapo nikakwama. Nikilitupa, wakija hao wanaume nitajitetea na nini? Nikibaki nalo, mimi ndiye mkabaji, sina cha kueleza. Kitu nilichobeba kiniokoe ndicho kilichonifunga humo ndani, na bado vidole vyangu havikutaka kukiachia. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Kichwa kilianza kuzunguka. Nikajua nikizimia nalo mkononi, nimekufa. Nikalipitisha kwenye ufa, likaanguka nje.

Halafu kelele.

"Lina damu! Mana yanje, Mungu wangu, lina damu! Ameua mtu!"

Nilikuwa nimesahau hilo kabisa. Nikapiga kelele kwamba ni damu yangu, hakuna aliyenisikia.

"Nipisheni nilione." Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana. Nikasikia analiokota. "Ndilo hili," akasema. "Mpira huu wa baiskeli niliushika mwenyewe tukigombana. Ndilo lililonikata bega."

Huyo ndiye Nasma.

Nilijua sijawahi kumkata mtu. Lakini panga lilikuwa linanishuhudia, na nani angeniamini mimi akaliacha panga?

"Nasma," Rosa akauliza, "siku ile wewe ulimfanya nini?"

"Nilimng'ata kidole gumba. Cha mkono ulioshika panga. Nilimng'ata mpaka jino likagusa mfupa."

"Wewe wa ndani! Toa mikono. Yote miwili."

Fikiria. Panga wanalo wao, wana uchungu wao, na mimi nipitishe mikono kwenye ufa kama mtu anayepeleka kuku kuchinjwa.

Nikaitoa.

Nikahisi mtu amenishika vifundo kwa nguvu. Kitambaa kikafunguliwa. Kidole kigumu kikapita taratibu kwenye gumba langu la kulia, mbele na nyuma. Nikajikuta nakutanisha viganja vyangu vilivyoshikwa, nikapiga kofi moja dhaifu lililoniuma mpaka kwenye meno.

"Mwidiwe, mama zangu."

Nikasikia mmoja wao anavuta pumzi.

"Gumba zima," Rosa akasema. "Hana kovu. Siyo yeye, Nasma."

"Siyo yeye," Nasma akakubali, kwa shingo upande. "Lakini panga ndilo."

Gogo likaondolewa. Mwanga ukaniingia machoni. Rosa akapiga magoti, akachana khanga yake, akanikaza mkono juu ya kidonda bila kuuliza ruhusa.

"Panga umepewa na nani?"

Nikafungua mdomo kumtaja shemeji, nikaufunga.

Nilikumbuka mkono wa kulia wa Marselino mfukoni. Nikakumbuka siku chache kabla ya hapo, gumba limefungwa bandeji, anacheka: "Mnyororo wa pikipiki umenila, shem."

Huko chini sauti za wanaume zilikuwa zinapanda. Nilizisikia zikikaribia.

Nikimtaja, wanashuka Kasulu kumchoma baba wa wapwa zangu mbele ya dada yangu. Nisipomtaja, nipo mimi hapahapa. Nje ya kibanda nilikuwa nimefungwa zaidi kuliko nilipokuwa ndani.

Nikamnong'oneza Rosa sikioni. Akafumba macho kidogo.

"Jina hilo lisitamkwe kilimani hapa," akasema. "Likisikika, kesho tunazika."

"Mimi nataka kulisikia," Nasma akasema. Akavuta khanga begani, kovu bado bichi. "Mwili ni wangu."

"Utalisikia polisi, binti yangu."

Nasma akaniangalia. "Basi nitakaa kando yako mpaka ulitaje. Hata chooni nitakusubiri mlangoni."

Wanaume wakatokea. Marungu, mapanga, na kijana mmoja kabeba tairi begani. Sihitaji kueleza la nini.

"Yuko wapi?"

Rosa akasimama mbele yangu. "Mwizi hayupo. Huyu ni mgonjwa, damu inamwisha. Fungeni ngobyi, machela ya kumbebea."

Wakatazamana. Mmoja akataka kubisha, Rosa akamkaripia kama mwanawe. Wakakata miti miwili, akina mama wakavua khanga za juu, wakazifunga katikati, wakanilaza. Kwetu tangu enzi za babu mgonjwa habebwi na ndugu zake tu, kila anayemkuta anatia bega.

Yule wa tairi alilitupa majanini, akashika mbele kulia. Tukiteremka akainama akaniuliza, "Bro, unaumia sana?"

Nikalia tena. Angeweza kuwa ananivalisha lile tairi wakati huo.

Hospitali ya Kabanga wakanishona. Nasma alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda changu kama alivyoahidi, hakusinzia. Askari alipokuja, nikalitaja jina. Nasma akainuka, akafunga khanga yake, akaondoka. Marselino alikamatwa kijiweni akisubiri abiria.

Kesho yake dada yangu akaja. Nikajiandaa kutukanwa. Nilijiambia sitajibu, kwa maana nimemvunjia nyumba.

Claudine akakaa pale pale alipokuwa amekaa Nasma. Macho yamevimba. Akaiangalia bandeji yangu.

"Nililiona lile panga chini ya kitanda," akasema. "Na damu. Nikamwambia sitaki kulikuta ndani ya nyumba yangu, atafute pa kulitupa."

"Ukajua ni yeye?"

"Nilijua, nikanyamaza. Nina watoto, Nsabi." Akajifuta pua kwa khanga. "Nilimwambia alitupe. Sikujua atakutupia wewe."

Nilinyoosha mkono mzima, akaushika.

Ndugu zangu, mlimani bado naenda, na ubishi wenu wa silaha naufuatilia. Mimi ninachokijua ni hiki: ukishika panga, hakuna anayeuona woga wako, watu wanaliona panga. Na ukipewa silaha na mtu bila kuomba, hata awe wa damu yako, muulize kwanza kwa nini ana haraka ya kuitoa nyumbani kwake.