Saratani Ilipoondoka, Mionzi Ikabaki

Dada yangu aliolewa Ruaha Mbuyuni, akawa mkulima wa vitunguu. Mimi niko Iyunga, Mbeya, nashona sare za shule. Alipoanza kutokwa na damu ovyo alinyamaza, mpaka siku alipoanguka shambani. Vipimo vikaonyesha saratani ya mlango wa kizazi, tena ilishapita hatua ya kufanyiwa upasuaji. Wakampa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwenye mionzi. Nikafunga cherehani nikaenda kumuuguza.

Mionzi haionekani wala haiumi. Walimlaza chini ya mashine, sisi tukatolewa nje, na baada ya muda mfupi akatoka kama mtu aliyekwenda kupigwa picha.

"Ndiyo hii tu?" akaniuliza huku anacheka.

Wiki zilivyokwenda, ngozi ya kinenani ikawa nyeusi, ikachubuka. Akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Hedhi ikakoma, naye alikuwa bado anatamani mtoto mwingine. Yote hayo wauguzi walikuwa wametuambia mapema. Tukavumilia, kwa sababu damu ilikata na uvimbe ukanywea.

Akarudi kwake, akanenepa, akalima. Kilichomuumiza wakati huo ni wifi yake, ambaye aliwakataza watoto kumkaribia akihofia mionzi. Nilimweleza yule wifi tulichoambiwa hospitali, kwamba ile mashine ikizimwa mgonjwa hatoki na mionzi ya kumdhuru mtu. Aliitikia vizuri. Ila kila dada alipokaa mkekani, aliwaita wanawe ndani.

Mwaka wa pili damu ikarudi. Safari hii aliiona kwenye haja kubwa, kisha kwenye mkojo. Akaja Mbeya, na mimi sikuwa na shaka kwamba saratani imerudi. Daktari alipotuita kusikia majibu, akasema saratani haionekani.

"Mungu mkubwa," nikasema.

Hakutabasamu. "Hii damu ni kazi ya mionzi, mama. Wakati inaua uvimbe, iligusa na utumbo na kibofu. Mishipa midogo imekuwa ikifa polepole. Nyama imekakamaa, inachubuka yenyewe."

"Itapona lini?" dada akauliza.

"Tutajitahidi kupunguza damu."

"Sijauliza hivyo, daktari."

Daktari akatazama meza. "Haitarudi kama zamani."

Akabaki kwangu. Aliongezewa damu, akapata nguvu kidogo, akaishiwa tena. Halafu utumbo ukatoboka kuelekea ukeni, choo kikawa kinapita pasipo njia yake. Madaktari walifikiria kuutoa utumbo nje ya tumbo, choo kiishie kwenye mfuko, wakaogopa. Alikuwa dhaifu mno, na nyama iliyochomwa na mionzi haishiki uzi. Jumapili moja asubuhi alioga, akavaa, akajifunga kanga mbili juu ya gauni. Tulipofika kwenye lango la nyumbani akasimama.

"Nenda wewe. Harufu yangu itafika kanisani kabla yangu."

Sikwenda. Tulirudi ndani, nikamsaidia kuvua zile kanga.

Shemeji alikuja na watoto mara moja. Yule mdogo alimpandia kitandani mama yake, akaziba pua, kisha akaona anavyotazamwa, akatoa mkono. Walipoondoka dada akaniuliza:

"Ningeikataa ile mionzi, ingekuwaje?"

"Ungekufa mapema, dada. Huyu mdogo akiwa hajaanza hata shule."

"Na sasa nakufa yuko darasa la pili."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa. Ile mionzi ilimpa miaka, na miaka yenyewe ndiyo hiyo niliyoiona.

Alikufa masika, mirija ya mkojo nayo ikiwa imekakamaa na figo zimeshindwa. Tulimsafirisha kupitia Iringa hadi Ruaha Mbuyuni, tukamzika. Msibani watu walisema saratani ni mbaya, imemmaliza. Nilianza kumweleza mama mmoja kwamba saratani ilikuwa imeondoka, nikaona ananitazama kwa huruma kama niliyechanganyikiwa. Nikaenda kuosha vyombo.

Niliporudi Iyunga nilifua shuka zake, nikaanika. Godoro nililisugua kwa sabuni, nikaliweka juani, nikalisugua tena. Harufu haikutoka. Nikaliburuta nyuma ya nyumba, nikalichoma moto.