Nati Niliyoikaza Kupita Kiasi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nusura nimpoteze mtu kwa sababu ya kupenda sifa. Nilikuwa fundi kijana mjini Meru, na karakana yetu ilitengeneza zaidi pikapu za kubeba miraa. Madereva wake walikuwa na desturi: kabla ya kuchukua gari, walishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likigonga hata kidogo, walikucheka mbele ya watu. "Fundi, hii umefunga na mate?" Basi nikazoea kukaza nati ya katikati, ile inayobana beringi, mpaka gurudumu linyamaze kabisa, nao wakanisifu.

Ndipo Mwalimu Kanana, mstaafu wa pale Kaaga, akaniletea gari la marehemu mumewe. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili, boneti ndefu, liko chini hata paka asingepita. Alitaka nibadilishe grisi ya magurudumu ya mbele kwa kuwa alikuwa na safari ya Embu.

"Nenda nalo polepole," aliniambia. "Ekseli zake hazipatikani tena. Moja ikiharibika, kuku wangu wamepata nyumba."

Nikabadilisha grisi vizuri sana. Kisha nikakaza kama nilivyozoea.

Kwetu ni Kibugu, huko huko Embu, kwa hiyo akanipa nafasi garini niende kumwona mama. Tulipofika Nkubu alisimamisha gari, akazunguka akigusa katikati ya kila gurudumu kwa kiganja. Kwenye la mbele kushoto aliuondoa mkono upesi.

"Njeru, hebu gusa hapa."

Niligusa, nikaungua. Grisi ilinuka kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni.

"Ulikaza sana?"

"Hapana, Mwalimu. Ni breki. Breki za zamani huwa hivyo."

Alinitazama bila hasira. "Sawa. Wewe ndiye fundi, mimi nilifundisha jiografia tu. Panda twende."

Akaketi, akashika usukani. Mwanangu, unaijua barabara ile baada ya Nkubu: kona juu ya kona, ukishuka mtoni na kupanda tena. Nilijua beringi ikikwama kwenye mteremko, gurudumu litashika ghafla na mama wa watu ataishia bondeni. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango.

"Mwalimu, ngoja. Nilikaza."

"Kwa nini?"

"Ili lisitikisike."

"Na nani alikuwa analitikisa?"

Nikashuka kutafuta jeki.

Tuliketi kando ya barabara chuma kipoe, akanigawia nduma alizochemsha kwa safari. Ekseli, kwa bahati, ilikuwa nzima. Nikanunua grisi, nikainua gari kwa jeki, nikaanza upya. Sikiliza vizuri, maana na wewe sasa umeshika spana. Kaza nati taratibu huku ukizungusha gurudumu, ili beringi zikae mahali pake. Kisha ilegeze. Sasa irudishe kwa vidole tu, mpaka iguse. Tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisipolingana, rudisha nyuma kidogo, usikaze mbele. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo lazima ukiachie nafasi. Ukilitikisa gurudumu, jicho halioni kitu, lakini mkono unahisi.

Mwalimu akainama, akalitikisa.

"Linacheza."

"Ndiyo, Mwalimu. Linatakiwa kucheza kidogo."

"Ungeniambia hivyo kule karakanani, saa hizi tungekuwa tumefika Chuka."

Tulisimama mara tatu kabla ya Embu. Kila mara alinituma mimi nikaguse, na kila mara akaamini nilichomwambia bila kushuka. Hilo ndilo lililonipa haya kuliko kemeo lolote. Yeye amelala sasa, Mungu amrehemu, nami bado natamani kusikia lile gari likikata kona za Chogoria.

Mwanangu, fanya kazi kama inavyotakiwa, si kama inavyopendwa na watazamaji. Mteja akicheka, mweleze kwa upole, wengi huelewa. Na ukikosea, sema kabla gari halijaondoka. Utaona aibu kidogo, lakini mtu atafika nyumbani.

Mungu ailinde mikono yako, akupe subira ya kurudia kazi uliyoiharibu, na kila anayeondoka karakanani kwako awafikie watu wake salama.